Kompyuta yako ya gemu inachoma kama jiko? Soma hii kabla ununue kipoza cha maji

Wasee wa gemu, kujeni hapa kidogo. Uko kwa Warzone, umebaki wewe na mse mmoja, halafu picha zinaanza kukwamakwama, feni zinalia kama posho mill, na kabla hujajua skrini imekuwa nyeusi. Unashika kesi unaskia imeiva. Kufika kesho yake ushajiambia dawa ni moja tu: kipoza cha maji.

Tulia kwanza. Hiyo haraka mimi niliifanya. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, naandika vistori vya onlaini, nikachanga miezi minne ndio ninunue kipoza cha maji cha mtumba huko tao. Muuzaji aliniapia kiko fiti. Wiki ya pili pampu ikakufa nikiwa katikati ya kazi, prosesa ikagonga digrii 95, mashine ikazima. Na kumbe shida ya mwanzo ilikuwa pesti imekauka, ile inapakwa katikati ya prosesa na kipoza. Kapipa kake ni bei ya lanchi. Miezi minne, buda!

Kwa hivyo kabla utoe doh, jua ni nani anachoma. Weka HWiNFO, ni ya bure, cheza gemu nusu saa, halafu uangalie namba ya juu kabisa ya prosesa na ya kadi ya grafiki. Ryzen 5 3600 mwisho wake ni digrii 95, prosesa nyingi za Intel ni 100. Ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe ndio isiungue, na hiyo ndio ile kukwamakwama unaona. Lakini si kila 95 ni noma. Ryzen 7600X na ndugu zake kama 7950X, AMD wenyewe walizitengeneza zifike hapo zikipewa kazi nzito.

Kama inayochoma ni kadi ya grafiki, wacha hii maneno ya maji kabisa. Vipoza unavyoona madukani karibu vyote ni vya prosesa, kadi yako vitaiacha vile iko. Na hata kama ni prosesa, puliza vumbi, badilisha pesti, halafu ujaribu kitu kimoja: toa mlango wa kando wa kesi ucheze tena. Joto likishuka sana, shida yako ni kesi haipumui. Ongeza feni mbele, umemaliza.

Kitu wengi hawaambiwi ni kwamba maji hayatengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka kwa prosesa hadi kwa rejeta, feni zinalipuliza nje, kama tu rejeta ya gari. Mwisho wa yote ni hewa ya chumba chako ndio inapoza. Mse wa Mombasa kwa keja yenye digrii 32 hawezi pata namba za mse wa Limuru, hata wakiwa na kipoza kimoja.

Sasa ukubwa. Rejeta huja za milimita 120, 240, 280 na 360, yaani feni moja, mbili, mbili kubwa, ama tatu. Ile ya 120 ruka. Kipoza kizuri cha hewa chenye feni mbili, kama Thermalright Peerless Assassin, kitaishinda na kwa kawaida ni rahisi kuliko yenyewe. Ukiwa na prosesa ya wati 65 kama Ryzen 5 5600, kusema ukweli huhitaji maji. Nunua hicho cha hewa, hiyo chenji ongezea kwa kadi. Maji yanaanza kuleta maana ukifika mambo ya Core i9-14900K, ambayo Intel wanaipa hadi wati 253. Hapo chukua 360 bila kubishana na mtu.

Halafu ingia na futi ya kupimia. Rejeta nyingi zina unene wa milimita 27, feni ni 25, jumla 52. Ukifunga juu, hiyo 52 itagongana na memori ndefu zenye mataa. Ukifunga mbele, pima kadi ya grafiki isiguse, na ujue hewa moto ya rejeta itaingia ndani kwa hiyo kadi. Kwa mashine nyingi juu ndio poa. Na wale wa mashine za ofisi za kutoka ngʼambo, zile Optiplex ndogo mmewekea kadi, poleni: hakuna pahali pa rejeta, na mara nyingi hata matundu ya madabodi ni ya kivyake.

Uliza pia soketi. Kipoza cha AM4 mara nyingi kitaingia AM5 mradi kinatumia ile sahani ya nyuma ya madabodi. Lakini LGA1700 ya Intel matundu yake yako mbali kuliko ya LGA1200, kwa hivyo kipoza cha zamani kinahitaji vyuma vingine vya kufungia. Kama havimo kwa katoni, umenunua pambo.

Mtumba usiguse, tafadhali. Hivi vipoza vimefungwa tangu kiwandani, na maji huisha polepole kupitia ile mipira, miaka ikienda. Huwezi ona ndani, na muuzaji pia haoni. Kampuni kubwa nyingi hutoa waranti ya miaka 5 ama 6, na hiyo waranti ndio unalipia. Risiti weka.

Kuna wale wanataka kujiundia mfumo wao, na pampu, tangi, na mipira yenye rangi. Ni tamu kwa macho, ni moto kwa mfuko. Usichanganye rejeta ya alumini na bloki ya kopa, vyuma vitaliana. Maji ya mfereji hapana, yana madini. Mpira wa 10/13 na wa 10/16 havitumii fitingi moja hata kama matundu yote ni G1/4. Na kabla uwashe mashine nzima, washa pampu peke yake masaa 24, na tishu chini ya kila kiungo.

Siku ya kufunga, toa ile karatasi ya plastiki iko chini ya bloki. Unacheka, lakini mafundi wazima wameisahau. Waya ya pampu iende pahali pa pampu kwa madabodi, na kwa BIOS uiweke ikimbie spidi yote. Usifunge rejeta yote ikiwa chini ya pampu, kwa sababu hewa hupanda juu na pampu itaanza kumeza mapovu. Siku ya kwanza ukiskia maji yakilia kama chai kwa sufuria, usishtuke, ni hewa inajipanga. Ikiwa bado inalia wiki ya pili, toa hiyo risiti urudi dukani.