Bunduki Kuukuu Ina Mdomo, Usiukate

Wanangu wa Ganda na Malindi, leo tuongee bunduki. Msishtuke, ni historia tu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilibaki na Lee-Enfield za .303 kibao, zikauzwa bei ya chini. Wawindaji wakazinunua na kuzikata: mbao za mbele zikatolewa, mtutu ukafupishwa, zikawa nyepesi za kubeba porini. Mpaka leo wapenzi wa bunduki za kale wanagombana. Huyu anasema, "Nimenunua, ni yangu." Yule anasema umeharibu kumbukumbu.

Mimi niko na yule wa pili, na sababu yangu iko hapa hapa Afrika Mashariki. Vita vilipoanza 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani, kule ambako sasa ni Tanzania, bado walibeba Mauser ya mwaka 1871. Unaweka risasi moja, unafyatua, unaweka nyingine. Baruti yake nyeusi inatoa wingu la moshi linalokuchongea kwa adui. Ulaya kwenyewe majeshi yalikuwa yashahamia baruti isiyo na moshi kitambo. Sasa chukua bunduki hiyo, ifunge mtutu wa kisasa, ipige vanishi. Itapendeza, sawa. Lakini ushahidi kwamba askari Mwafrika alipelekwa vitani na silaha iliyopitwa na wakati umeenda na maji.

Ila ngoja. Kuna wanaosema chochote kilichobadilishwa hakina thamani. Hapo nakataa. Waingereza wenyewe walichukua Martini-Henry kuukuu wakazivisha mtutu wa .303. Na miaka ya 1950, kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, Mau Mau waliunda bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira. Fundi wa leo akizinyoosha zikae "vizuri", amefuta akili ya watu waliopigana bila kiwanda. Kilichobadilishwa na waliozibeba vitani ni sehemu ya hadithi. Kinachobadilishwa leo ili kipendeze kwenye picha kinaifuta.

Hii inatuhusu sisi. Mwaka huo huo wa 1914, Wagiriama walisimama na pinde na mishale mbele ya bunduki za KAR, na Waingereza wakalipua Kaya Fungo. Mekatilili ana sanamu yake Malindi mjini, na ni vizuri. Lakini sanamu imechongwa na watu wa juzi. Chuma cha siku zile kilikuwepo.

Kwa hivyo ukilima ukakuta chuma cha vita, usikisugue kutu, usikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usikiguse kabisa, kinaweza kulipuka, na silaha bila leseni ni kesi. Ita polisi, halafu uwaambie watu wa makumbusho. Pesa ya skrapu inaisha jioni hiyo hiyo, na chuma kikishayeyushwa hakirudi.