Sabufa, spika tano na jirani wa zamu ya usiku: jinsi ya kupanga sauti ya sinema nyumbani

Leo naleta somo la mziki wa nyumbani, na sijalitoa hewani, limenikuta.

Nimepanga chumba na sebule hapa Sinza. Upande wa pili wa ukuta anaishi dada mmoja muuguzi, anaingia zamu ya usiku, analala mchana. Mimi Jumamosi mchana ndiyo muda wangu wa muvi. Watu wakiongea sisikii kitu, nashika rimoti naongeza. Dakika mbili mbele gari linalipuka, ukuta mzima unatetemeka. Napunguza. Wakiongea tena, naongeza. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa picha.

Siku moja baba mwenye nyumba akagonga. "Kijana, yule binti wa watu halali. Mwisho wa mwezi nikisikia tena, utafute kwingine." Wanaopanga Dar mnajua maana yake: kodi ya miezi sita mkononi. Sikuwa nayo, na mziki nilikuwa sitaki kuuza. Ikabidi nijifunze. Kumbe tatizo halikuwa ukubwa wa sauti, lilikuwa mpangilio. Haya, twende hatua kwa hatua.

1. Jua 5.1 ni kitu gani

Tano ni spika: mbele kushoto, katikati, mbele kulia, na mbili za pembeni. Hiyo .1 ni sabufa, inayobeba besi tu. Kwenye sinema nyingi maneno ya waigizaji yanatoka hasa spika ya katikati. Kwa hiyo kama husikii maongezi, anza uchunguzi hapo, siyo kwenye kitufe cha sauti.

2. Kagua waya

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea. Deki yangu ilikuwa imesetiwa 5.1 lakini nimeiunga na waya mbili tu, mwekundu na mweupe. Deki ilikuwa inatoa maneno kwenye tundu la katikati ambalo halina waya! Nilichokuwa nasikia ni muziki na milipuko ya pembeni.

Waya mwekundu na mweupe unabeba njia mbili za sauti, basi. Hata kama una spika tano zinalia, zinarudia kile kile. Ukiwa na waya huo tu, ingia kwenye menyu ya deki uchague Stereo, maneno yatachanganywa kwenye njia hizo mbili. Ukitaka 5.1 ya kweli, unga matundu yote sita, au tumia waya mmoja wa HDMI au ule wa mwanga ulioandikwa Optical, kama mziki wako una matundu hayo na unaweza kusoma Dolby Digital. Kwenye TV yenye HDMI, tafuta tundu lililoandikwa ARC, hilo ndilo linalorudisha sauti kwenye mziki.

3. Weka spika mahali pake

Mbele kushoto na kulia ziachane sawa na umbali wa kutoka kwenye kila moja hadi ulipokaa, yaani pembetatu yenye pande sawa. Ya katikati iwe chini au juu ya TV, imekuelekea usoni. Za pembeni zisiwe mbele yako, na siyo mgongoni kabisa: zikae pembeni, nyuma kidogo ya masikio, juu kidogo ya kichwa ukiwa umekaa. Mimi zote tano nilikuwa nimezipanga juu ya kabati. Msicheke, nimeona nyumba nyingi ziko hivyo.

4. Umbali

Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja inachukua karibu milisekunde 3. Mziki ukikuuliza umbali, pima kwa futi kamba kutoka kwenye kiti. Ukikuuliza milisekunde, spika iliyo karibu ndiyo icheleweshwe. Mfano: za mbele ziko mita 3, za pembeni mita 1. Tofauti ni mita 2, basi chelewesha za pembeni milisekunde 6.

5. Sawazisha spika

Tafuta kwenye menyu palipoandikwa Test Tone. Mziki utatoa mvumo unaozunguka spika moja baada ya nyingine. Kaa kwenye kiti chako, shika simu yenye programu ya kupima desibeli usawa wa sikio, kisha ongeza au punguza kila spika mpaka zote zisome sawa. Mafundi wanapenda 75. Ukiwa na jirani tumia hata 65, cha msingi zilingane. Simu siyo kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha spika na spika inatosha.

Baada ya hapo, kama maneno bado yako chini, ongeza spika ya katikati desibeli 2 au 3. Usiruke mpaka 10, sikio litaisikia kama imekuwa kubwa mara mbili.

6. Sabufa, adui wa jirani

Wimbi la besi ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Zile trei za mayai watu wanazobandika ukutani haziwezi kulizuia. Zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi. Besi inapita.

Kwa hiyo iondoe sabufa kwenye ukuta wa jirani, na itoe kwenye kona maana kona inaongeza besi. Kutafuta mahali pazuri kuna ujanja: iweke sabufa kwenye kiti chako, piga wimbo wenye besi ya kutosha, halafu tambaa chumbani. Pale utakaposikia besi imetulia, haivumi wala haipotei, hapo ndipo pa kuiweka. Mke wangu alinikuta natambaa akadhani nimepoteza shilingi. Mwisho, kama kuna sehemu ya kukata masafa, anzia hezi 80.

7. Kupunguza tofauti ya mnong'ono na mlipuko

Sinema hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi, ndiyo maana kimya na kishindo vinaachana sana. Kwenye deki au mziki tafuta Night Mode, DRC au Dynamic Range. Kazi yake ni kushusha vishindo na kuinua minong'ono. Majina ya ngazi zake yanachanganya, kwa hiyo jaribu kila moja kwenye kipande chenye mlipuko. TV nyingi zina Auto Volume, inafanya kazi inayofanana. Washa moja tu. Ukiwasha zote mbili sauti itakuwa inapanda na kushuka kama inapumua.

Mnaoangalia kwa kompyuta na VLC: ingia Tools, Preferences, Audio, weka tiki kwenye Normalize volume.

Na yale matangazo yanayopiga kelele kuliko kipindi? Kilele cha sauti kinaweza kuwa sawa, lakini tangazo limejazwa sauti mwanzo hadi mwisho. Ulaya walitoa kipimo cha wastani wa sauti, EBU R128, mwaka 2010. Mwaka huo huo Marekani wakapitisha sheria ya matangazo ya TV, ikaanza kazi Desemba 2012. Sisi wengine Auto Volume inatusaidia.

Matokeo

Sasa naangalia picha nzima bila kugusa rimoti, na kila neno nalisikia. Nilimgongea yule dada nikamwambia, "Dada, leo naomba unisikilizie." Nikaweka kipande cha vita, sauti ya kawaida, Night Mode imewashwa. Akarudi akauliza, "Umeshawasha?" Mwisho wa mwezi ukapita, mwenye nyumba hakugonga.

Wenye mziki unaogoma, andikeni hapo chini aina ya waya mliotumia na menyu inasemaje, tusaidiane. Mafundi nirekebisheni nilipoteleza. Wikiendi njema!