Mulot na Nchi ya Chai: Historia Fupi ya Tafsiri za Ishara

Utangulizi

Mulot ni kituo cha biashara kilichoko mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok nchini Kenya, kando ya barabara kuu iunganishayo miji ya Narok na Bomet. Upande mmoja nchi hupanda kuelekea vilima vya Bomet na Kericho, yaliko mashamba ya chai; upande wa pili huenea kuelekea malisho na mashamba ya ngano ya Narok. Hapo ndipo Wakipsigis na Wamaasai wanapokutana sokoni, pamoja na wafanyabiashara wa makabila mengine, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha kuelewana katika bei na katika habari.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya sehemu hii kwa njia ambayo haijazoeleka sana, yaani kwa kufuata tafsiri za ishara. Kwa neno "ishara" inakusudiwa kitu chochote kinachosimama mahali pa kitu kingine: jina, rangi, tunda, hata mtu. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1916, alieleza kwamba uhusiano uliopo baina ya sauti ya neno na maana yake hautokani na maumbile ya kitu chenyewe, bali na mapatano ya jamii. Maelezo hayo yanakubalika. Hata hivyo yanaacha swali moja ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa: mapatano ya jamii ipi? Ishara ikivuka mpaka, ikatoka katika jamii moja na kuingia katika nyingine, nani mwenye haki ya kuifasiri?

Ili kulijibu swali hilo, yatatazamwa matukio manne: kuhamishwa kwa ukoo wa Talai mwaka 1934, kuzaliwa kwa Chemirocha kabla ya mwaka 1950, kura za maoni za mwaka 2005 na 2010, na mwisho jina la Mulot lenyewe.

Jina lililogeuzwa kuwa kosa

Katika jamii ya Wakipsigis, kama ilivyo kwa ndugu zao Wanandi, ukoo wa Talai ulikuwa ndio utoao orkoiyot, yaani kiongozi aliyeaminiwa kuwa na uwezo wa kuona yajayo, kubariki na kulaani. Orkoiyot hakuwa mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee katika mabaraza yao; yeye aliendewa wakati wa vita, ukame na maradhi. Aliheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja, na watu walijua wapi pa kumsogelea na wapi pa kukaa mbali naye.

Serikali ya Kiingereza ilimwona kwa jicho jingine. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mapatano. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot wa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu kutoka kwa watu wake mwaka 1914. Miaka ishirini baadaye serikali haikutosheka tena na kumwadhibu mtu mmoja mmoja. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima, wanaume, wanawake na watoto, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali palipojulikana kwa mbung'o na maradhi. Walioanza kuruhusiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuta ardhi yao imekwisha kutwaliwa, na hadi leo madai yao hayajamalizika.

Jambo linalomhusu mtaalamu wa lugha ni hili. Sheria hiyo ya mwaka 1934 haikutumia neno orkoiyot. Ilitumia neno "laiboni", lililotokana na oloiboni la Kimaasai. Ni kweli kwamba masimulizi huziunganisha nasaba za viongozi hao wa Kimaasai na za Talai. Lakini asili ya pamoja haifanyi vyeo viwili kuwa kimoja. Yeyote aliyekulia mpakani angeweza kuieleza tofauti hiyo. Watunga sheria hawakuihitaji. Walikwisha kuamua kwamba laiboni, awe wa kabila lolote, ni ishara ya uasi, na kwamba aliyezaliwa Talai ni laiboni. Kwa hatua hizo mbili za tafsiri, mtoto mchanga akawa mhalifu. Hapana aliyehitaji kuthibitisha alichokifanya, kwani jina lake lilikuwa ushahidi tosha.

Sauti iliyopata mwili

Tukio la pili ni la furaha zaidi, na linaonyesha kazi ya tafsiri pale isipokuwa na nguvu za dola nyuma yake. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakufika Afrika hata siku moja. Lakini sahani zake za santuri zilifika, zikachezwa katika nchi ya Wakipsigis, na sauti yake ya kupandisha na kukatisha koo ikawashangaza waliosikiliza.

Kikipsigis hakitofautishi konsonanti ghuna na zisizo ghuna kama kifanyavyo Kiingereza. Kwa hiyo jina la mgeni huyo lilipopita katika vinywa vya wenyeji, lilipata ch mahali palipokuwa na sauti ya j, likatoka likiwa Chemirocha. Umbo hilo jipya halikuonekana geni hata kidogo, kwa sababu majina mengi ya Kikipsigis huanza kwa Che- au Chep-. Lugha ilikuwa imempa mgeni uraia kabla watu hawajaamua yeye ni nani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo zilizobeba jina hilo. Mmojawapo uliimbwa na wasichana, nao ndio uliokuja kujulikana sana ulimwenguni. Katika wimbo huo Chemirocha si Mmarekani tena. Ni kiumbe nusu mtu nusu swala, anayealikwa kucheza ngoma. Wasikilizaji wa Ulaya nao waliposimuliwa habari zake, walimlinganisha upesi na viumbe nusu mtu nusu mnyama wa ngano za Kigiriki. Hivyo kila upande uliifasiri sauti iliyokosa mwili kwa kutumia akiba yake: wasichana walichukua swala wa mbugani kwao, Wazungu wakachukua vitabu vya shule zao.

Wengine wamelicheka tukio hili, wakilihesabu kuwa kosa la watu wasiojua santuri. Dhihaka hiyo haina msingi. Wasichana wa Kapkatet walipewa sauti bila mwimbaji, nao wakampatia mwimbaji. Hawakumdhuru mtu. Zaidi ya hayo, tafsiri yao ilibaki wazi, kwani aliyetaka kuipinga angeweza kutunga wimbo mwingine, na ndiyo maana ziko nyimbo zaidi ya moja zenye jina hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miaka ya 2010 nakala za rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet kutoka katika hifadhi iliyoko Afrika ya Kusini, na watu wa huko wakapata nafasi ya kuzisikiliza na kuzieleza wenyewe.

Matunda na rangi

Tarehe 21 Novemba 2005 wananchi wa Kenya walipiga kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba. Tume ya uchaguzi ilitoa alama mbili ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua: ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa. Bila shaka matunda yalichaguliwa kwa kuwa hayana kabila wala chama. Rais Mwai Kibaki alikuwa upande wa ndizi. Upande wa chungwa walikuwapo Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Uhuru Kenyatta na William Ruto. Rasimu ilikataliwa kwa asilimia 58 hivi ya kura, na Mkoa wa Bonde la Ufa, zikiwemo Kericho na Bomet, ulisimama imara upande wa chungwa.

Ikumbukwe kwamba katika nyanda za juu ndizi huota nyuma ya nyumba, ilhali chungwa ni tunda la kununuliwa sokoni. Kama ishara ingefasiriwa kwa ukaribu wake na maisha ya watu, ndizi ingeshinda huko. Mwaka 2010 jambo hilo lilijirudia kwa namna iliyo wazi zaidi. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, tume iliacha matunda ikatumia rangi: kijani kwa kukubali, nyekundu kwa kukataa. Kijani ndiyo rangi ya jani la chai, ndiyo karo ya shule na ndiyo chakula cha nyumba nyingi za Kericho na Bomet. Hata hivyo wengi wa wapiga kura wa huko walichagua nyekundu, huku katiba ikipita nchini kwa kiasi cha thuluthi mbili ya kura.

Mambo hayo mawili yanaonyesha kwamba mpiga kura hakuwa akiitazama alama peke yake. Alimtazama aliyeibeba, akasikiliza kilichosemwa makanisani na katika mikutano ya hadhara, na akaipima kwa hofu yake kuhusu ardhi. Hofu hiyo ilikuwa na historia: mashamba makubwa ya chai, yaliyoanza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, yalisimama juu ya ardhi iliyochukuliwa na wakoloni. Mwanasiasa aliyedhani kwamba alama ndiyo iliyowavuta watu alikuwa amesoma jalada akaacha kitabu.

Lakini alama ya tume haikukaa kimya baada ya kura. Chungwa likawa chama, na chama hicho kikawa mshindani mkuu katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipopingwa, ghasia zilizuka zikaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao, Bonde la Ufa likiumia kuliko sehemu nyingi. Hapo tafsiri ya mwaka 1934 ilirudi katika vazi jingine. Kura ni siri. Hapana aliyeiona kura ya jirani yake. Aliyefukuzwa alifukuzwa kwa sababu ya jina lake na lugha yake, vikafasiriwa kuwa ndiyo kura yake.

Mulot yafasiriwa

Sasa inafaa kurudi Mulot. Katika miaka iliyokaribia 2020 na baada yake, jina la kituo hiki lilianza kutajwa mara kwa mara katika vyombo vya habari vya Kenya kuhusiana na ulaghai wa simu: watu kudanganywa hata wakatoa nambari zao za siri, laini zao zikahamishwa, na fedha zao zikatoweka. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilikuwa imeifanya simu kuwa mkoba wa mwananchi wa kawaida. Kwa hiyo wizi huo uliwaumiza watu wengi, maskini wakiwemo. Polisi walifanya misako na washukiwa wakafikishwa mahakamani.

Ubaya wa ulaghai huo hauna mjadala. Kinachochunguzwa hapa ni safari ya jina. Katika mazungumzo na mizaha ya Wakenya, "Mulot" iliacha kuwa mahali ikawa ishara. Anayepigiwa simu na mtu asiyemjua husema amepigiwa kutoka Mulot, hata kama mpigaji yuko kwingineko kabisa. Wanaoutumia mzaha huo wengi hawajapata kukiona kituo chenyewe. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: methali hiyo ni onyo jema kwa mwenye kuchunga tenga, lakini ni kanuni mbaya ya kuhukumu binadamu. Muuza mboga, mwalimu, dereva na mwanafunzi wa Mulot hulazimika kujieleza mbele ya watu wasiowajua kwa sababu ya jina lililokuwapo kabla ya simu ya kwanza kufika huko.

Tofauti baina ya Mulot na Talai ni kubwa. Hapana sheria iliyotungwa dhidi ya Mulot, wala hapana aliyepelekwa Gwassi. Lakini njia ya kufikiri ni ile ile, yaani jina kuchukua mahali pa tendo, na mwenye jina kutoulizwa.

Hitimisho

Matukio yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba watu wa nchi ya chai hawakuwa wapokeaji tu wa ishara zilizotoka nje. Walizifasiri kwa akiba yao, iwe sauti ya santuri au rangi ya kura, na mara nyingi tafsiri zao ziliwashinda waliozileta. Yanaonyesha pia kwamba tafsiri huwa dhuluma pale anayefasiri anapokuwa na uwezo wa kuadhibu, na anayefasiriwa anapokosa nafasi ya kujibu.

Kwa watafiti wa lugha na fasihi, funzo hili lina upande wa utendaji. Mara nyingi mikusanyo ya semi, nyimbo na majina huandika "maana" ya ishara kana kwamba ni moja na ya kudumu. Ingefaa kila tafsiri iandikwe pamoja na mwenyewe: nani aliyeitoa, mwaka gani, akiwa na cheo gani, na wanaohusika wanasema nini juu yake. Kamusi itakayoliingiza neno "laiboni" na isitaje sheria ya 1934 itakuwa imeandika nusu ya maana yake. Na mtafiti atakayekusanya mizaha ya zama za simu hana budi kufika Mulot penyewe, akae sokoni, na kuwauliza wenyeji jina hilo lina maana gani kwao.