Ababari wa Gusii na Maumivu Yasiyokwisha

Kaunti ya Nyamira nchini Kenya iko kwenye nchi ya Abagusii, ambao kwa vizazi vingi walikuwa na wapasuaji wao wa kichwa. Mpasuaji wa aina hiyo aliitwa omobari, na wakiwa wengi, ababari. Aliyewaendea hasa ni mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, kidonda kikapona, lakini kichwa kikaendelea kumuuma miezi au hata miaka.

Mgonjwa alilazwa, wasaidizi wakamshika. Omobari alipasua ngozi kwa kisu, akaitenga kando, kisha akaukwangua mfupa polepole kwa chuma kilichopinda ncha, huku akitia dawa za mitishamba za kuzuia damu. Alipoufikia utando mgumu unaofunika ubongo, aliishia hapo. Huo ndio uliokuwa mpaka wa kazi yake, kwa sababu utando ukitoboka, maradhi hupata njia ya kuingia ubongoni.

Mwaka 1958, J. G. Grounds aliandika kuhusu upasuaji huo katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, naye aliuchunguza kwa kina. Mmoja wa wagonjwa walioelezwa alikuwa amekwanguliwa mara kadhaa hata sehemu kubwa ya utosi wake ikawa haina mfupa. Alivaa kofia kujikinga, akaendelea kuishi. Mwaka 1985 David Furnas na wenzake waliripoti kuwa waliokufa kwa upasuaji huo walikuwa wachache.

Yapo maumivu mengine ambayo kisu cha omobari hakiwezi kuyafikia. Baada ya kiharusi, baadhi ya wagonjwa huhisi kuungua upande mmoja wa mwili, kiasi kwamba hata shuka ikiwagusa huwaumiza. Madaktari Jules Dejerine na Gustave Roussy waliyaeleza maumivu hayo huko Ufaransa mwaka 1906. Chanzo chake ni jeraha la njia za hisia ndani ya ubongo wenyewe, ndiyo maana dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo, na madaktari huanza na dawa kama amitriptilini.

Kwa wagonjwa ambao dawa haziwasaidii, Takashi Tsubokawa na wenzake wa Japani walichapisha mwaka 1991 njia ya kuuchochea kwa umeme ukanda wa ubongo unaoongoza misuli. Vipande vya kupitisha umeme huwekwa juu ya utando uleule ambao ababari hawakuuvuka. Njia nyingine hutumia sumaku nje ya kichwa bila kupasua. Kifaa chake kilionyeshwa na Anthony Barker wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Wapo wanaopata nafuu, na wapo wasioipata.

Kukwangua fuvu hakutibu maumivu ya kiharusi, na mwenye maumivu hayo anastahili kufikishwa hospitali. Hata hivyo, historia ya upasuaji wa kichwa nchini Kenya haijakamilika ikiwaacha nje ababari.