Njia ya Misafara Ugogo na Simulizi ya Bwaga Moyo

Kusini mwa Chimwaga, eneo la Jiji la Dodoma kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, ilipita njia kuu ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji, umbali wa takriban kilomita 1,200. Anayetaka kuifuata leo kwa miguu huongozwa kwanza na simulizi, kwa kuwa alama za ardhini zilizosalia ni chache.

Simulizi mashuhuri ni ya jina la Bagamoyo lenyewe, linaloelezwa kuwa limetokana na maneno "bwaga moyo". Wapo wanaosimulia kuwa mateka, alipoiona bahari, aliuacha moyo wake pwani kwa kuwa hakutarajia kurudi kwao. Wengine humtaja mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi mingi ya safari, naye akatuliza moyo. Simulizi ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi, na mateso ya mateka hao ni kweli isiyopingika. Hata hivyo, anayepita Ugogo hana budi kuizingatia pia ya pili. Sehemu kubwa ya waliotembea hapa walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurejea bara na vitambaa, shanga na nyaya, kila mmoja akiwa na mzigo wa takriban kilo 30.

Ugumu wa safari ulikuwa maji. Kabla ya kuingia Ugogo kutoka Mpwapwa, misafara ilivuka Marenga Mkali, nyika ya takriban kilomita 50 isiyo na maji ya kutegemewa. Mbinu iliyotumika iliitwa terekeza: watu walikunywa na kujaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala njiani pakavu na kufika penye maji siku iliyofuata. Baada ya hapo watawala wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru uliolipwa kwa vitambaa na bidhaa nyingine. Wasafiri wa Ulaya waliulalamikia sana, lakini visima na chakula vilikuwa mali ya wenyeji katika nchi ambayo mvua hunyesha msimu mmoja tu, na msafara wa mamia ya watu uliweza kukikausha kisima kwa usiku mmoja.

Vituo vya njia hii vinatambulika hadi sasa. Henry Morton Stanley, aliyepita mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, aliandika majina ya Mvumi, Matamburu na Bihawana. Mvumi na Bihawana zingali na majina hayo, na Matamburu inashabihiana na Matumbulu, kata ya Jiji la Dodoma. Mbele zaidi njia ilielekea Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, kisha Kwihara karibu na Tabora.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kipande kilicho jirani na Chimwaga hakimo miongoni mwa vituo hivyo sita. Wakati huohuo Makao Makuu ya Nchi yanapanuka: barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma, yenye urefu wa kilomita 112.3, inapita Matumbulu. Mahali pa kambi pasipo nguzo wala kibao hupotea kwa urahisi chini ya viwanja na lami, na wazee wanaojua visima vya zamani vilikuwa wapi ndio pekee wanaoweza kuvionyesha.

Kwa mtembea kwa miguu, kipindi kinachofaa ni Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na joto likiwa limepungua. Maji yabebwe ya siku nzima. Kutoka Mvumi hadi Bihawana kupitia Matumbulu, mila bado inataka mgeni abishe hodi kijijini kabla ya kuteka maji.