Rais na Jemadari Wake

Leo tutazame jambo moja: katika nchi, nani mwenye kauli ya mwisho, yule aliyechaguliwa na raia au yule anayeongoza askari? Mfano wetu ni Marekani, mwaka 1951.

Mwezi Juni 1950 majeshi ya Korea ya Kaskazini yaliingia Korea ya Kusini. Umoja wa Mataifa ukapeleka askari, wengi wao Wamarekani, chini ya Jemadari Douglas MacArthur. Mwezi Septemba jemadari huyo aliteremsha askari pwani ya Inchon, nyuma ya adui, akamtimua. Sifa zake zikaenea kote. Lakini majeshi yake yalipoukaribia mpaka wa China, Wachina wakaingia vitani kwa maelfu na kuyarudisha nyuma.

Hapo wakubwa wawili wakaachana njia. Rais Harry Truman hakutaka vita vitoke nje ya Korea, kwa kuwa aliogopa kuzusha vita vikuu vya dunia. MacArthur alitaka kuipiga China yenyewe. Kuwa na mawazo mbalimbali si kosa. Kosa lake ni kuyatangaza hadharani baada ya kukatazwa. Tarehe 5 Aprili 1951 barua yake ilisomwa bungeni na kiongozi wa chama kilichompinga Rais. Tarehe 11 Truman akamwuzulu.

Raia wakawaka hasira. Watoto wao walikuwa wakifa, vita haviishi, na sasa shujaa wa Inchon anafukuzwa! Sanamu za Truman zilichomwa moto, na wako waliotaka aondolewe madarakani. MacArthur aliporudi, umati mkubwa mno ulimpokea New York.

Lakini angalieni sana: jemadari alitii. Alimwachia kazi Jemadari Matthew Ridgway, na hapana kikosi kilichoasi. Katiba ya Marekani humfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, hata kama raia hawampendi. MacArthur alipewa nafasi ya kusema mbele ya Bunge, kisha kamati za Senate zikawahoji wakubwa wote. Jemadari Omar Bradley, mkuu wa wakuu wa majeshi, alieleza kwamba kupanua vita ni kupigana mahali pasipofaa, na adui asiyehusika.

Truman naye alilipa. Februari 1952, katika kila watu 100 walioulizwa, 22 tu waliridhika naye. Hakugombea tena. Novemba raia walimchagua Dwight Eisenhower wa chama kingine. Huyu naye alikuwa jemadari, lakini aliingia kwa kura, si kwa bunduki. Mapigano yalisimama tarehe 27 Julai 1953.

Basi hasira ya raia haikuwa bure. Ilipita bungeni na katika sanduku la kura, na nchi ikasalimika.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini MacArthur aliuzuliwa?
2. Raia wasioridhika na kiongozi wana njia gani za halali?
3. Ingekuwaje kama jemadari angekataa kutii?