Malisho ya Zamu Chini ya Mlima Hanang

Kabla ya mashamba makubwa ya ngano, Wabarbaig, wafugaji wa Mogitu na nyanda zinazouzunguka mlima Hanang nchini Tanzania, ambao kilele chake chapita mita 3,400, hawakulisha mifugo yao ovyo, bali waliyagawa malisho kwa majira, na yale mabonde yenye rutuba waliyoyaita muhajega waliyatumia kwa muda wake tu, kisha wakayaacha nyasi zipate kurejea. Nyumbani nako kadhalika hawakupoteza kitu ovyo: kibuyu cha maziwa kilisuguliwa ndani kwa kaa la moto, kikadumu miaka, ngozi ya ng'ombe ikawa vazi na tandiko, samadi ikakandikwa ukutani. Taka, kwa hakika, ilikuwa haba.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kutwaa ardhi upande wa Basotu kwa mashamba hayo ya ngano, hata ikafikia takriban ekari 100,000, chini ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali. Wafugaji, waliosongwa kwenye masalio ya malisho, ndio wakalaumiwa kwa kuiharibu nchi! Nami naiona hukumu hiyo kuwa dhulma, maana mashamba hayohayo ya ngano yalichimbika makorongo kwa mvua.